Fasihi ya Kiingereza katika KCSE: Mtaala, Karatasi Tatu na Namna ya Kujiandaa

Mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya sekondari nchini Kenya unaofanywa katika kidato cha nne, hafanyi mtihani wa fasihi ya Kiingereza kama somo linalojitegemea. Katika mtaala wa shule za sekondari uliorekebishwa mwaka 2002, lugha na fasihi hufundishwa pamoja na kutahiniwa pamoja chini ya somo moja la Kiingereza, ambalo Baraza la Mitihani la Kitaifa la Kenya, KNEC, hulitambua kwa nambari 101. Mpangilio huo una mantiki yake, lakini umewafanya wanafunzi wengi waione fasihi kuwa nyongeza tu, wakamalizia jioni zao kwenye mazoezi ya sarufi na kukiacha kitabu teule, yaani kile kilichoteuliwa kusomwa na kutahiniwa, hadi muhula wa mwisho. Hesabu ya alama inawapinga. Karatasi tatu za somo hili zina jumla ya alama 200, na swali la sarufi lina alama 15. Maswali ya fasihi yaliyo wazi, yaani dondoo (kipande kilichonukuliwa) la kitabu teule, shairi au ngano (hadithi simulizi), na insha mbili za vitabu teule, yana alama 85, kabla hata ya kuhesabu shairi au hadithi inayoweza kujitokeza ndani ya Karatasi ya Kwanza.

Kati ya alama hizo 85, alama 65 hutoka katika vitabu ambavyo mwanafunzi anavijua kwa majina tangu kidato cha tatu. Anayeingia katika chumba cha mtihani bila kuvisoma amejinyima alama ambazo chanzo chake kilikuwa mezani pake kwa muda wote huo. Mwongozo huu unamlenga mwanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, mzazi anayetaka kujua mtoto wake anasomea nini, na zaidi ya wote mtahiniwa wa kibinafsi asiye na mwalimu wa kumshika mkono. Msimamo wake ni kwamba alama za fasihi hupatikana kwa kusoma kitabu chenyewe, tena zaidi ya mara moja, na kwamba muundo wa mtihani umetungwa kwa namna inayomtambua aliyekisoma na asiyekisoma.

Mtaala unadai nini

Mtaala umejengwa juu ya stadi za kusikiliza na kuzungumza, kusoma, na kuandika, pamoja na sarufi, na fasihi imesambazwa ndani ya stadi hizo. Katika kidato cha kwanza na cha pili hakuna kitabu teule. Mwanafunzi husoma mashairi, hadithi fupi na michezo mifupi ya kuigiza, na hujifunza tanzu za fasihi simulizi: ngano, nyimbo, vitendawili, methali na vitanza ndimi. Walimu wengine huharakisha sehemu hii kwa kuiona nyepesi, nami naona ni kosa, kwa sababu shairi na ngano visivyojulikana ndivyo vinavyoletwa katika Karatasi ya Pili, na anayekutana navyo kwa mara ya kwanza katika kidato cha nne hawezi kuwa na jicho la mtu aliyevizoea kwa miaka minne.

Vitabu teule huanza kusomwa katika kidato cha tatu. Vinavyotahiniwa kwa makundi haya ya mwisho ya mfumo wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu) ni vitano. Viwili ni vya lazima: riwaya Fathers of Nations ya Paul B. Vitta na tamthilia The Samaritan ya John Lara. Vitatu ni vya hiari, na mtahiniwa hujibu swali kuhusu kimoja: mkusanyiko wa hadithi fupi A Silent Song and Other Stories uliohaririwa na Godwin Siundu, tamthilia Parliament of Owls ya Adipo Sidang', au riwaya An Artist of the Floating World ya Kazuo Ishiguro. Kila mtahiniwa, basi, ana vitabu vitatu vya kuvijua kwa kina. Orodha hii hubadilishwa baada ya miaka kadhaa, na waliotangulia walisoma Blossoms of the Savannah ya H. R. Ole Kulet na A Doll's House ya Henrik Ibsen. Hilo lisikufanye uzitupe karatasi za mitihani ya miaka hiyo, kwa kuwa namna maswali yanavyoulizwa haijabadilika. Zitumie kujifunza umbo la maswali, kisha ulihamishie kwenye vitabu vyako.

Kundi la mwisho la 8-4-4 litafanya KCSE mwaka 2027. Wanafunzi walioingia Gredi ya 10 mwezi wa Januari mwaka 2026, chini ya mfumo wa umilisi unaochukua nafasi ya 8-4-4, wana mpangilio tofauti: Kiingereza ni somo la lazima kwa wote, na fasihi ya Kiingereza imekuwa somo la kuchagua katika mkondo wa Sayansi ya Jamii. Yanayosemwa hapa kuhusu alama na karatasi yanahusu KCSE pekee, ingawa ushauri wa kusoma matini unamfaa mwanafunzi wa mfumo wowote.

Kuhusu uzito wa somo lenyewe, tangu KCSE ya mwaka 2023 gredi ya jumla hukokotolewa kwa Hisabati, lugha moja na masomo mengine matano ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi, kwa hiyo Kiingereza si lazima kiwe lugha inayohesabiwa. Hata hivyo, vyuo vikuu huendelea kukitazama katika kozi nyingi. Anayetaka kusomea sheria, kwa mfano, hutakiwa kuwa na angalau B katika Kiingereza au Kiswahili.

Karatasi ya Kwanza kwa ufupi

Karatasi ya Kwanza huchukua saa 2 na ina alama 60: uandishi wa kiuamilifu, kama vile barua, ripoti au kumbukumbu za mkutano, alama 20, kifungu chenye mapengo, alama 10, na stadi za mazungumzo, alama 30. Fasihi hujitokeza katika sehemu hii ya tatu, ambapo mara nyingi huwekwa shairi fupi au hadithi simulizi. Hapo hauulizwi sana juu ya maana. Unaulizwa jinsi kazi hiyo inavyosikika na inavyotendwa: mpangilio wa vina, mbinu zinazoupa ubeti mahadhi, maneno utakayoyakazia unapoghani na sababu yake, au vile utakavyotumia sauti, uso na mikono kuuvuta umakini wa hadhira. Jibu lisilotaja neno au mshororo mahususi hupoteza alama. Ukisema kwamba shairi lina urudiaji wa sauti, onyesha sauti hiyo imerudiwa katika maneno yapi.

Karatasi ya Pili: dondoo, shairi na ngano

Karatasi hii ni ya saa 2 na dakika 30, nayo ina alama 80. Swali la kwanza ni ufahamu wa kawaida, alama 20. La pili ni dondoo kutoka katika kimojawapo cha vitabu vya lazima, alama 25. La tatu ni shairi au hadithi simulizi, alama 20. La nne ni sarufi, alama 15. Ukigawa muda kwa alama, unapata chini kidogo ya dakika 2 kwa kila alama, kwa hiyo dondoo linastahili takribani dakika 45 pamoja na kulisoma. Wengi hulimaliza kwa nusu saa kwa sababu wanaona wanaijua hadithi, kisha wanashangaa matokeo yanapotoka.

Dondoo huanza karibu kila mara na swali la muktadha: ni jambo gani linatokea muda mfupi kabla ya sehemu hii, au ni nini kinafuata mara moja baada yake. Tuseme dondoo limetoka The Samaritan, mahali ambapo viongozi wa manispaa ya Maracas wanajadiliana kuhusu programu ya simu iliyobuniwa na wanafunzi ili wananchi waripoti maovu ya wakubwa. Mwanafunzi aliyesoma muhtasari peke yake ataandika kwamba kabla ya hapo programu ilibuniwa na viongozi wakaingiwa na hofu. Hayo ni kweli, lakini swali halikuuliza historia nzima ya mchezo. Liliuliza tukio linalopakana na dondoo, yaani nani alikuwa akizungumza na nani, walifikia wapi, na nini kiliwaleta wahusika wa dondoo mahali walipo. Jibu hilo halipatikani katika muhtasari wowote, kwa kuwa muhtasari hufuata kisa na hauzingatii mpangilio wa maonyesho. Kosa jingine katika swali hili ni kueleza kilichomo ndani ya dondoo lenyewe. Mtahini anajua dondoo linasema nini, na hatakutunuku alama kwa kumrudishia.

Baada ya muktadha huja maswali ya wahusika, maudhui na mbinu za uandishi. Sifa ya mhusika ina sehemu mbili zisizotenganishwa: neno linalotaja sifa, na tendo au usemi unaoithibitisha kutoka katika sehemu uliyoelekezwa. Soma kwa makini kama swali linataka sifa kutoka katika dondoo au kutoka sehemu nyingine za kitabu, maana hapo ndipo watu wanaojua kitabu vizuri hupoteza alama kwa haraka yao wenyewe. Mbinu ya uandishi nayo hutajwa, huonyeshwa kwa mfano, kisha hufafanuliwa athari yake. Kuandika kwamba mwandishi ametumia kejeli, kisha ukanukuu mstari mmoja na kuishia hapo, ni kumwachia mtahini kazi yako. Eleza kejeli hiyo inamfichua nani, na inatufanya tumwone vipi.

Ndani ya maswali hayo hufichwa pia kipengele cha lugha: kuandika sentensi ya dondoo upya katika usemi wa taarifa, kueleza maana ya maneno machache kama yalivyotumika, au kutoa mambo fulani kwa muundo wa vidokezo. Swali likitaka vidokezo, andika vidokezo, kwa sababu sentensi kamili mahali hapo hukugharimu. Neno la msamiati nalo lipimwe kwa mahali lilipokaa, kwa kuwa maana ya kwanza katika kamusi siyo inayotafutwa kila mara.

Shairi lisilojulikana huwatisha wengi bila sababu ya kutosha. Lisome mara ya kwanza hadi mwisho bila kuangalia maswali. Mara ya pili, jiulize ni nani anayesema, anamwambia nani, na kuna nini kimetokea hata aseme. Ukishawajua hao wawili na tukio, maswali ya toni, hali ya hisia na umuhimu wa anwani hujibika kwa urahisi. Tofautisha nafsineni, yaani sauti inayosema ndani ya shairi, na mshairi: anayelia katika shairi anaweza kuwa mtoto, mjane au mti uliokatwa, na kumwita mshairi kila mahali kunaonyesha hukusoma kwa makini. Tenga pia toni, ambayo ni msimamo wa anayesema kwa jambo analolisema, na hali ya hisia, ambayo ni hewa inayotanda katika shairi na kumgusa msomaji. Kwa kila moja tafuta neno moja sahihi la sifa, kisha mshororo unaolitetea.

Ikiwa badala ya shairi umepewa ngano, maswali hufuata njia iliyozoeleka: aina ya ngano, vipengele vinavyoitambulisha kuwa simulizi, sifa za wahusika, funzo, na mambo yanayofichua maisha ya jamii iliyoisimulia. Hili la mwisho lahitaji usahihi. Ukiulizwa shughuli ya kiuchumi, jibu la “ufugaji” peke yake ni nusu ya jibu. Liwe kwamba jamii hiyo ni ya wafugaji, kwa sababu kijana wa hadithi aliwapeleka ng'ombe malishoni asubuhi, kama yanavyosema masimulizi. Kila dai liwe na ushahidi wake kando. Kwa aina ya ngano, usikimbilie kuiita ya hurafa, yaani ya wanyama, kwa kuwa tu sungura yumo. Kama inaishia kueleza kwa nini mnyama fulani ana mkia mfupi, hiyo ni ya usuli, hata kama wahusika wake ni wanyama.

Karatasi ya Tatu: insha tatu na utamaduni wa kuthibitisha

Karatasi ya Tatu pia huchukua saa 2 na dakika 30, na ina alama 60. Maswali ni matatu, kila moja alama 20, na kila insha haifai kuzidi maneno 450. La kwanza ni insha ya kubuni, ambapo unachagua mada moja kati ya mbili. La pili ni la lazima, kuhusu kitabu cha lazima. La tatu lina sehemu tatu, moja kwa kila kitabu cha hiari, nawe unajibu moja tu. Kwa desturi ya miaka mingi, kitabu cha lazima kilichotolewa dondoo katika Karatasi ya Pili hakiwi kile cha insha hapa, kwa hiyo ukishaiona Karatasi ya Pili unaweza kukisia kitabu gani kimebaki. Lakini utakuwa umechelewa kuanza kukisoma. Kuna wanaoapa mwanzoni mwa mwaka kwamba zamu hii riwaya itakuwa dondoo na tamthilia itakuwa insha, nao hujiandaa hivyo. Kucheza kamari na alama 45 hakumfai mtu aliyesoma kwa miaka minne.

Ugawaji wa alama ambao walimu hutumia sana katika kusahihisha insha ya kitabu teule ni huu: utangulizi alama 2, hoja nne za alama 3 kila moja, lugha alama 4, na hitimisho alama 2. Ukiuelewa, utajua nguvu zako ziende wapi. Utangulizi wa sentensi mbili au tatu unatosha. Uoanishe kauli ya swali na kitabu, usianze na wasifu wa mwandishi. Hoja nne, kila moja katika aya yake, ndizo zinazobeba insha. Hoja ya tano huongeza makosa ya lugha bila kuongeza alama.

Alama 3 za hoja moja hutolewa kwa kitu gani hasa? Tutumie swali la mfano juu ya An Artist of the Floating World, ambayo msimulizi wake ni Ono, mchoraji mzee wa Kijapani: “Matendo yetu ya zamani hutuandama. Thibitisha kauli hii.” Nitaandika kwa Kiswahili ili mantiki ionekane, ingawa katika mtihani utaandika kwa Kiingereza. Jibu dhaifu ni hili: “Ono anajuta kwa mambo aliyoyafanya wakati wa vita. Anaogopa kwamba yatamharibia binti yake. Hii inaonyesha kwamba matendo ya zamani hutuandama.” Hakuna uongo katika sentensi hizo, lakini zingeweza kuandikwa na mtu aliyesimuliwa riwaya hiyo kwa dakika tano.

Sasa jibu lenye kitabu ndani yake: “Usaliti wa Ono kwa mwanafunzi wake Kuroda unamrudia wakati anapomhitaji. Ono alitoa taarifa juu ya Kuroda kwa kamati ya kuchunguza mienendo isiyo ya kizalendo, na alipofika nyumbani kwake akawakuta polisi wakiteketeza michoro yake. Miaka baadaye, mazungumzo ya ndoa kati ya Noriko na familia ya akina Saito yanapoendelea, Ono anakwenda kumtafuta Kuroda, anamkosa, na kijana Enchi, akishatambua mgeni ni nani, anambadilikia na kumweleza yale ambayo Kuroda aliteswa nayo gerezani. Ono anaondoka bila kuonana na mtu ambaye ushuhuda wake unaweza kuivunja posa ya binti yake, na hivyo tendo aliloliona zamani kuwa wajibu limekuwa tishio kwa nyumba yake.” Hapa kuna dai, kuna matukio yenye majina na mahali, na kuna sentensi ya mwisho inayorudi kwenye swali. Vitu hivyo vitatu ndivyo vinavyolipwa. Tazama pia kwamba aya hiyo haina nukuu hata moja ya neno kwa neno. Nukuu fupi inapendeza, lakini haiwezi kuchukua nafasi ya tukio lililoelezwa kwa usahihi, na nukuu iliyokosewa huharibu zaidi ya kutokuwepo.

Kuna faida nyingine ya kukisoma kitabu kwa utaratibu wake. Katika riwaya hiyo, msomaji hukutana na hasira ya Enchi kabla ya kuelezwa kisa cha michoro kuchomwa, kwa sababu anayesimulia ni Ono mwenyewe, na Ono huyasogeza mbali yale asiyopenda kuyatazama. Muhtasari hupanga matukio kwa tarehe na kuifuta sanaa hiyo yote. Mwanafunzi anayeweza kusema kwamba mpangilio wa masimulizi wenyewe ni dalili ya hatia ya msimulizi anaandika insha ya daraja la juu kabisa.

Kanuni chache za uandishi ambazo hazihitaji maelezo marefu: simulia matukio ya kitabu kwa wakati uliopo. Andika majina ya wahusika kama yalivyo kitabuni, maana kukosea jina la mhusika mkuu humtia mtahini shaka tangu mstari wa kwanza. Piga mstari chini ya anwani ya kitabu. Chukua hoja kutoka sehemu mbalimbali za kitabu, kwa kuwa hoja nne kutoka sura moja zinaonyesha kwamba ulisoma sura moja.

Kuchagua kitabu cha hiari

Mara nyingi shule ndiyo huchagua, na mwanafunzi aliye darasani afuate kile mwalimu wake anachofundisha. Mtahiniwa wa kibinafsi ana uhuru zaidi. Mkusanyiko wa hadithi fupi una faida kwamba unaweza kusomwa kipande kwa kipande, hata na mtu anayefanya kazi mchana kutwa, lakini swali huwa linataja hadithi moja, hivyo hadithi utakayoiruka inaweza kuwa ndiyo hiyo. Parliament of Owls husomeka upesi, ila inataka msomaji atakayeona siasa nyuma ya manyoya ya ndege na kuieleza bila kuisahau hadithi yenyewe. Riwaya ya Ishiguro ina wahusika wachache na kisa kimoja, na kwa msomaji mvumilivu naiona kuwa yenye hazina kubwa kuliko zote, ingawa anayependa matukio ya kasi ataona inamchosha. Kwa asiye na mwalimu ningependekeza hadithi fupi, kwa sharti kwamba azisome zote. Ukishachagua, usibadilishe katikati ya mwaka.

Namna ya kuvisoma

Usomaji wa kwanza uwe wa hadithi tu, bila kalamu, na umalizike ndani ya wiki chache ili kisa kisipoe. Tamthilia isomwe kwa sauti, wanafunzi wakigawana wahusika, kwa kuwa kejeli na vitisho vingi husikika kabla ya kueleweka. Usomaji wa pili ndio wenye daftari. Kwa kila sura au onyesho tenga ukurasa mmoja, na uandike kinachotokea kwa sentensi tatu, nani ameingia na nani ametoka, kilichotangulia na kinachofuata mara moja, mambo mawili ambayo sura hiyo imetufunulia kuhusu wahusika, na mbinu moja iliyokuvutia pamoja na mfano wake. Mstari wa kilichotangulia na kinachofuata unaonekana mdogo, lakini ndio unaojibu swali la kwanza la dondoo.

Usomaji wa tatu upangwe kwa maudhui na kwa wahusika. Chukua Fathers of Nations, yenye kisa kinachohusu mkutano wa viongozi wa Afrika mjini Banjul, nchini Gambia. Mfuate Profesa Kimani peke yake toka mwanzo hadi mwisho: msomi wa Nairobi, kifo cha binti yake Tuni, mkewe Asiya anayemwacha na kwenda kwa Walomu aliyegeuka kuwa mbunge. Andika kila kinachompata na ukurasa wake, kisha ujiulize ni maswali gani ya insha yanayoweza kujibiwa kwa orodha hiyo. Utaona kwamba mhusika mmoja anafaa hoja ya uongozi mbaya, ya kudharauliwa kwa elimu, ya ndoa, na ya tamaa. Wafanyie hivyo hivyo wenzake watatu wanaokutana naye Banjul, nawe utakuwa na akiba ya hoja inayotosha swali lolote la busara.

Miongozo ya vitabu inayouzwa madukani ina mahali pake, na mahali hapo ni baada ya usomaji wa pili, ili uilinganishe na daftari lako na ubishane nayo. Ikitangulia, inakufunga macho: utaziona sifa ilizoorodhesha tu, na utaziandika kwa maneno yale yale ambayo mtahini ameyasoma katika mamia ya karatasi za siku hiyo. Makundi ya waigizaji wanaozunguka shuleni kuigiza vitabu teule pia husaidia, hasa kwa wanaochoshwa na maandishi, lakini mwelekezi wa jukwaani hupunguza maonyesho na kuongeza vichekesho vyake. Usitoe ushahidi wa insha kutoka jukwaani bila kuuhakiki kitabuni.

Mazoezi ya kuandika yaanze mapema katika kidato cha tatu. Andika insha moja kwa dakika 45 bila kufungua kitabu, kisha ubadilishane na mwenzako, msahihishane kwa ugawaji ule ule wa 2, 12, 4 na 2. Anayesahihisha asitoe alama ya hoja kabla ya kufungua kitabu na kukuta tukio lilivyo hasa. Likiwa tofauti na lilivyoandikwa, aandike nambari ya ukurasa ambapo mwenzake atalipata, na insha irudi kuandikwa upya aya hiyo tu. Mtahiniwa wa kibinafsi asiye na mwenzake aiweke insha kando kwa siku chache, kisha aisahihishe mwenyewe kwa njia hiyo hiyo, kitabu kikiwa wazi mbele yake.